Duka la maji la nyuma ya Makadara, kwa wenye matumbawe laini nyumbani

Ni duka la kujaza maji ya kunywa, la mlango mmoja, mtaa wa nyuma ya uwanja wa Makadara, hapa Mombasa. Wateja wake wengi ni watu wa hoteli ndogo na akina mama wenye mitungi ya lita 20. Mimi ni mshonaji wa Kibokoni, na maji yao nayapeleka kwa matumbawe laini, viumbe wa baharini wasio na mifupa ya mawe, ninaowafuga nyumbani.

Tangi langu ni la kioo, lita 200, liko sebuleni kando ya cherehani. Ndani mna matumbawe ya aina nne: Sarcophyton lenye umbo la uyoga, Discosoma wekundu, kundi la zoanthus wa kijani na machungwa, na Capnella, ambalo wafugaji wa ng'ambo huliita mti wa Kenya. Vipande vyote nilipewa na jirani aliyekuwa akihama. Baharini sikung'oa hata kimoja. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Mombasa ni marufuku kutoa kitu, na ni haki iwe hivyo.

Maji ya bahari huletewa na mvuvi mmoja. Huyateka nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, na msimu wa masika hatuteki, kwa kuwa maji ya mvua na ya mitaro huwa yameingia. Nikipima chumvi napata sehemu 35 kwa elfu, sawasawa kabisa. Kwa hiyo nilidhani shida ya maji sina.

Februari joto la kaskazi lilipandisha tangi hadi nyuzi 30. Nikafunga feni ndogo ipulize juu ya maji, ikashusha hadi 27, lakini kwa siku nikawa napoteza lita nne. Kinachokauka ni maji matupu, chumvi hubaki, basi nikawa najaziza kwa maji ya kisima cha mtaani, tena niliyoyachemsha. Baada ya wiki kadhaa zoanthus wakawa wa rangi ya kahawia. Mwani ukafunika mchanga. Sarcophyton likajikunja, na nikajipa moyo, kwani kwa kawaida hujifunga siku chache likavua ngozi yake nyembamba kama nta, kisha likafunguka. Safari hii zikapita wiki tatu.

Nilidhani ni mwanga, nikanunua taa kali zaidi. Discosoma wakasinyaa, maana wao wapenda kivuli. Pesa ile naijutia hadi leo.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu, fundi wa mabomba, aliyekuja na kipimo cha TDS, kile kidude kama kalamu kinachoonyesha miligramu za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita. Maji yangu ya kisima yalisoma 1,140. Kuchemsha huua vijidudu, lakini mengi ya yaliyoyeyuka hayaondoki, na mvuke ukitoka yanazidi kukolea. Piga hesabu: lita nne kwa siku ni gramu nne na nusu, kwa mwezi ni zaidi ya gramu 130, karibu vikombe viwili vya kahawa vya vitu nisivyovijua, ndani ya tangi moja. Na visima vyetu vya mjini vimekaa karibu na vyoo vya shimo, kwa hiyo naitreti, ile mbolea itokanayo na uchafu, haikosi. Naitreti ikizidi, mwani mdogo sana wa kahawia unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha huzaana kupita kiasi, ukaifunika ile kijani na ile machungwa.

Ndipo nikaenda Makadara na kipimo mkononi. Mtungi wao wa kawaida ulisoma 38.

"Mwanangu," nikamwambia kijana wa asubuhi, "haya hayakuchujwa tu. Mumetia kitu."

"Ndiyo, mama. Twarudisha madini kidogo, la sivyo watu husema maji hayana ladha."

"Basi mimi nataka hayo yasiyo na ladha."

Hakucheka wala hakuniuliza nina wazimu gani. Alifungua mpira kabla ya chujio la madini, akasubiri maji ya mwanzo yamwagike, akanijazia. Kipimo kikasoma 6. Kwa heshima ile peke yake ningelisifu duka hili.

Hawakosi kasoro. Siku moja alikuwepo kijana mwingine, akanijazia ya kawaida. Nilipopima nyumbani nikakuta 41, na kuyarudisha kukanigharimu nauli. Mitungi yao huoshwa kwa sabuni, na sabuni tangini ni balaa, hivyo enda na mtungi wako. Ramadhani kipimo cha maji kilipanda polepole kutoka 6 hadi 19. Nilipomwonyesha yule kijana wa asubuhi, wiki ile ile alibadilisha utando wa chujio, akaniita nije niuone ule wa zamani ulivyogeuka rangi.

Matumbawe hayakupona kwa siku moja. Nilibadilisha lita 20 za maji ya bahari kila wiki, nikaweka mkaa wa kuchujia kwa sababu Sarcophyton hutoa sumu inayowaudhi jirani zake, na nikarudisha taa ya zamani. Wiki ya tano nilikuwa napinda shela ya bibi harusi, nikainua macho, na lile Sarcophyton limetoa vidole vyake vyote, vinacheza na maji. Niliacha sindano nikalitazama hadi adhana ya alasiri. Zoanthus wakafuata, ile machungwa imerudi kama embe bivu. Naitreti sasa ni kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na siishushi zaidi, kwani laini hawa wakikosa chakula kabisa hupauka.

Bei ni shilingi 100 kwa lita 20, na hamali hunibebea hadi mlangoni kwa 50. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, foleni ikiwa bado fupi, sema wataka maji ya kabla ya madini, na upime pale pale kaunta.