Miguu inawaka moto: ununue nini kwanza?

Mwenye kisukari akikwambia usiku nyayo zinawaka mpaka anazitoa nje ya shuka, na mchana zina ganzi, mara nyingi ni mishipa ya fahamu imeumia kwa sukari iliyokaa juu muda mrefu. Ninavyoona, wengi huanza na sindano za vitamini na dawa za kuchua, pesa ikaisha kabla hawajafika kwenye kinachosaidia. Mimi ningepanga hivi.

Kwanza, kipimo. HbA1c, kipimo cha damu, inaonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kama umemeza metformin kwa miaka, omba na vitamini B12 ipimwe, kwani dawa hiyo huweza kuishusha. Anayetumia dawa za TB zenye isoniazidi aulize kuhusu vidonge vya vitamini B6.

Pili, dawa ya neva (mishipa ya fahamu) yenyewe, kwa cheti cha daktari. Zinazojulikana ni amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini. Amitriptilini ni ya zamani na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu, na unafuu huo usikutie shaka: utafiti wa Uingereza uitwao OPTION-DM, uliochapishwa mwaka 2022, uliilinganisha na duloksetini na pregabalini, na maumivu yalipungua karibu sawa kwa zote. Huanzwa kidogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, kisha hupandishwa polepole. Inaleta usingizi na kukausha mdomo. Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya tezi dume amweleze daktari kabla ya kuandikiwa. Ipe wiki kadhaa. Wengi huiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Diklofenaki na ibuprofeni ziache dukani: maumivu haya hayazisikii, na figo za mwenye sukari zinaumia bure.

Tatu, viatu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu maumivu yanakunyima usingizi lakini ganzi ndiyo inayoleta kidonda kisichosikika, na kidonda ndicho kinachopeleka watu kukatwa mguu. Ndala hazikingi msumari. Nunua raba au kiatu cha kufunika, kipana mbele, soli nene, bila mshono unaokwaruza ndani. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Cha mtumba kinafaa kama soli haijalika upande mmoja. Kila asubuhi pitisha mkono ndani kabla ya kuvaa: kokoto moja inatosha kutoboa unyayo.

Nne, krimu ya kapsaisini, ile inayotokana na pilipili. Inapakwa mara tatu au nne kwa siku kwa wiki kadhaa, mwanzoni inachoma, na haigusi ngozi yenye kidonda. Nawa mikono vizuri kabla hujagusa macho.

Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B nimeviweka chini. Vina maana kama una upungufu. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva.

Mashine za kutetemesha miguu na mabeseni ya maji moto sikushauri kabisa. Mguu wenye ganzi unaungua bila mwenyewe kujua. Ukiona lengelenge au kidonda, hata kidogo, nenda kliniki siku hiyohiyo.