MIT OpenCourseWare kwa mtu wa makamo anayehamia uhandisi

Maktaba hii ya mtandaoni ya masomo ya chuo cha MIT cha Marekani ilitangazwa mwaka 2001, na sasa ina kozi zaidi ya 2,500. Hakuna kujisajili, hakuna ada, hakuna tarehe ya mwisho. Cheti nacho hakuna, wala mwalimu wa kukusahihishia. Mwenye kazi na familia azingatie hayo mawili ya mwisho kabla hajafungua video ya kwanza.

Tuanze na cheti. Katika nchi nyingi mhandisi wa ujenzi, umeme au mitambo lazima asajiliwe, na bodi za usajili hutaka shahada iliyoidhinishwa. Mkataba wa Washington wa 1989, ambao wanachama wake hutambuliana programu za uhandisi, unahusu shahada hizo hizo. Kozi za bure hazimsogezi mtu hata hatua moja huko. Faida yake ni kwamba, kabla hujaacha mshahara ukalipe ada ya chuo, utajua kama hesabu za mwaka wa kwanza unaziweza na kama unazivumilia. Anayelenga kuandika programu za kompyuta atanufaika zaidi, kwa kuwa huko waajiri wengi huangalia kazi uliyoifanya kuliko leseni.

Usichague kozi kwa jina, angalia namba. Zinazoishia na SC zilipangwa kwa anayejisomea: zina mihadhara, mazoezi na mitihani yenye majibu, na katika kozi za hesabu zipo video fupi ambamo msaidizi husoma swali, hukuambia usimamishe video ujaribu, kisha hurudi kulitatua. Simamisha kweli, kutazama tu hukupa hisia ya kuelewa ambayo hupotea mtihani ukifika. Nyingi kati ya kozi nyingine ni mafaili ya PDF tu, na maswali mara nyingi hayana majibu.

Mfuatano unaofaa ni 18.01SC (kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko), 8.01SC (mekanika, yaani fizikia ya mwendo na nguvu), 18.02SC (kalkulasi ya vigeu vingi), 18.03SC (milinganyo tofautishi, yaani yenye kasi za badiliko ndani yake), kisha 6.002 kwa saketi au 2.003SC kwa mienendo ya mitambo. Kwa 18.01SC MIT wenyewe hukadiria saa 150, zaidi ya nusu zikiwa za maandalizi na mazoezi. Ukipata saa 8 kwa wiki, hiyo ni wiki 19. Kozi tano za uzito huo ni saa 750, karibu miaka miwili. Anayekuahidi miezi sita baada ya saa za kazi hajapiga hesabu.

Wengi hawaangushwi na kalkulasi yenyewe, bali na aljebra na trigonometria zilizolala miaka 20. Muhadhara wa 3 wa 18.01 unatafuta kasi ya badiliko la sin x. Asiyekumbuka kuwa sin(a+b) = sin a cos b + cos a sin b anapotea papo hapo. Anayewaza kwa digrii naye anapotea, maana jibu huwa cos x pale tu pembe inapopimwa kwa radiani (duara zima ni radiani 2π). Kwa digrii linazidishwa na π/180. Jipime kwanza bila kikokotoo: rahisisha (x²−9)/(x−3), tatua 2ˣ = 10 ukiacha jibu katika logi, chora sin x kutoka 0 hadi 2π. Likikushinda hata moja, pitia kwanza masomo ya msingi ya tovuti ya Khan Academy, nayo ni bure.

Intaneti ikisumbua, kozi hupakuliwa kama faili la zip, ila video hazimo; hizo pakua kando.

Udhaifu mkubwa ni maabara. 6.002 inategemea kitabu kinachouzwa na vifaa ambavyo nyumbani havipo, kama osiloskopu, kinachochora mabadiliko ya volti kwenye skrini. Programu ya LTspice, ya bure, huiga saketi vizuri, lakini mkono nao unahitaji kuzoea. Nunua bredibodi (ubao wa kuunganishia saketi bila kulehemu), multimita (kipima volti), betri ya volti 9, rizista (hupunguza mkondo) na kapasita (hutunza chaji) chache. Jaribio la kuchaji kapasita kwa betri kupitia rizista likipangwa kwa rizista ya 1 kΩ na kapasita ya 1 µF huisha ndani ya milisekunde chache, na multimita haioni kitu. Tumia 100 kΩ na 100 µF: ukizizidisha unapata sekunde 10, na muda huo ukifika volti kwenye kapasita ziwe karibu 5.7, yaani asilimia 63 ya 9. Ukipata sekunde 8 au 12 usidhani umekosea, kwa sababu kapasita za aina hii (za elektroliti) hutofautiana na thamani iliyoandikwa hata kwa asilimia 20. Mguu mrefu wa kapasita uende upande chanya, na kabla ya kurudia jaribio gusisha miguu yote miwili kwa rizista ya 1 kΩ hadi multimita isome sifuri.