Puto au setilaiti: kipi kinalisoma vizuri anga la Goma?

Kila volkano yetu ya Nyiragongo inapotoa moshi mzito, ubishi huu unarudi mtaani.

Puto lina sifa moja kubwa: linapita ndani ya hewa yenyewe. Mpira mwembamba wa gesi ya hidrojeni au heliamu hubeba kifaa kidogo kinachopima joto, unyevu na kanieneo, na namna linavyopeperushwa hutuonyesha upepo. Hupanda hadi kilomita 30 hivi, likivimba kadiri hewa inavyopungua, mpaka linapasuka. Kwa usahihi wa tabaka moja baada ya jingine, sijaona cha kulishinda. Lakini kila mrusho unataka puto jipya, kifaa kipya na gesi, na upepo ukielekea Ziwa Kivu, kifaa kimezama.

Setilaiti kuijenga ni fedha nyingi mno, ila gharama hiyo wamebeba wengine. Meteosat, kilomita 36,000 juu ya ikweta, huitazama Afrika usiku na mchana, robo saa haipiti bila picha mpya. Sentinel-5P, iliyorushwa 2017, huona hata gesi ya salfa ya volkano yetu. Shida ni mawingu mazito: huficha kilicho chini, na hapa kwetu mawingu hayakosi.

Mvuvi anayeogopa dhoruba ya jioni ziwani atahitaji picha ya setilaiti. Mwanafunzi anayetaka kujua moshi utasukumwa wapi kwenye kimo fulani, huyo nitamwambia atafute vipimo vya puto, hata kama ni vya kituo cha mbali.