Coros Pace 3: saa ya bei nafuu ya kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli

Haya, hamjambo nyote, wa Kisumu na kwingineko. Mezani leo kuna Coros Pace 3, iliyozinduliwa mwaka 2023 kwa dola 229, karibu shilingi 30,000 za Kenya kabla ya usafiri na ushuru. Hebu tazameni mizani: ikiwa na mkanda wa nailoni, gramu 30.

Vitufe ni viwili tu, vyote upande wa kulia. Hiki cha juu ni gurudumu, unazungusha na kubonyeza. Cha chini, kwenye modi ya triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli, kisha kukimbia, ndicho kinachokuvusha hatua: ukitoka majini bonyeza mara moja, umeingia muda wa kubadilisha, bonyeza tena, uko kwenye baiskeli. Wenye papara hubonyeza mara mbili papo hapo, saa ikaanza kuhesabu baiskeli nao bado wamevaa kofia ya kuogelea.

Sasa maji, maana hapa ndipo malalamiko hutoka. Mawimbi ya GPS hayapenyi maji. Mkono ukizama, saa inapoteza setilaiti. Ukiinuka, inazidaka tena kwa nukta chache. Kwa mtindo huru hiyo inatosha. Ukiogelea kama chura mikono haitoki juu, na mstari wa njia yako utakwenda upogoupogo. Ukiifunga saa kwenye boya utapata njia safi, ila hesabu ya mapigo ya mikono utaikosa. Pale Dunga, kwenye Ziwa Victoria hapa Kisumu, simama ufukweni hadi saa ionyeshe imepata setilaiti, ndipo uingie. Na waulize wavuvi viboko wako wapi. Kihisi cha viboko haina.

Kipimo cha mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono huvurugika maji yakipita chini ya saa. Hata nchi kavu, ipandishe juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono na uikaze isicheze. Mkanda wa kifuani ni sahihi zaidi ukikimbia, lakini uwe wa Bluetooth. Ule wa zamani wenye ANT+ pekee, mfumo mwingine wa kuunganisha vifaa bila waya, hautashikana na saa hii, kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa.

Betri: saa 38 ukitumia mifumo yote ya setilaiti, 15 ukiwasha masafa mawili, yaani saa ipokee mawimbi ya setilaiti kwa masafa mawili badala ya moja. Masafa mawili yanasaidia katikati ya majengo marefu ya mjini, mawimbi yanapodunda ukutani. Ukipanda vilima vya Riat kuelekea Kakamega, anga iko wazi, huyahitaji. Kwa triathloni ya Olimpiki, yaani mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na 10 za mbio, yaache tu yakiwa yamewashwa. Ila Ironman kamili, triathloni ndefu zaidi ya hiyo, kikomo chake cha kawaida ni saa 17. Yazime, la sivyo saa itazimika nawe bado unakimbia.

Ramani haina, ni mstari mtupu wa kufuata. Na kebo ya kuchaji ni yao wenyewe, ya simu haiingii. Ukienda kushindana Mombasa, ifunge kwenye mkoba wa viatu.