Uzoefu wangu na amoniamu perenati, baada ya karibu mwaka mzima

Nasoma huku Ujerumani na karibu kila anayeanza kazi ya reniamu (metali adimu, nzito sana) kwenye maabara yetu ananiuliza anunue kemikali ipi ya kuanzia, kwa hiyo bora niandike mara moja. Nunua hii amoniamu perenati, NH4ReO4, yaani chumvi ya reniamu, usianze na poda ya metali yenyewe.

Kwa macho ni punje nyeupe tu kama chumvi ya mezani iliyosagwa, ila shika kichupa ndo utajua, ni nzito, maana karibu asilimia 69 ya uzito wake ni reniamu tupu. Ukiiyeyusha maji yanabaki maangavu kabisa, na wale waliozoea pamanganeti, chumvi ya manganizi yenye rangi ya zambarau, hushangaa kwanini hakuna zambarau wakati manganizi na reniamu ni ndugu wa kundi moja. Bei ni kali kweli. Reniamu haina mgodi wake, inanaswa kwenye moshi wa kuchoma madini ya molibdenamu yanayotoka pamoja na shaba, hasa kule Chile, na waliotangaza kuigundua mwaka 1925, Walter Noddack, Ida Tacke na Otto Berg, mwaka 1928 walichakata kilo 660 za molibdenaiti (madini hayo ya molibdenamu) wakapata gramu 1. Nikishika kijiko cha kupimia huwa naikumbuka hiyo hesabu, simwagi hata punje.

Mwanzo nilitengeneza mwenyewe. Unachukua poda ya kijivu ya metali, unaiweka kwenye bika (kikombe cha kioo cha maabara) lililokaa kwenye barafu, unadondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 tone kwa tone, na hapa naomba usiwe na haraka jamani, inapata moto yenyewe na kutoa povu ghafla. Poda inapotea yote, unabaki na asidi ya reniamu, HReO4, isiyo na rangi, unatia amonia mpaka harufu yake ikae, unapunguza maji kwa moto mdogo, ikipoa fuwele zinaanza kushuka pembeni mwa bika kama sindano fupi zinazometameta. Inapendeza sana kuitazama, ila ni siku nzima imekwenda kwa gramu 2.

Cha kununua nacho kina shida zake. Kichupa changu cha kwanza kilikuja bila cheti cha usafi na ndani kulikuwa na vidoa vya kijivu, nilipoyeyusha vikabaki chini kama masizi. Dawa yake ni kuchuja ikiwa ya moto halafu kuacha ipoe, kwa sababu maji mililita 100 yanabeba kama gramu 32 kwenye digrii 80 lakini kwenye digrii 20 yanabeba 6 tu, yaani nyingi inakurudia ikiwa safi.

Kingine ni moto. Siku moja niliweka bakuli la fuwele kwenye hotpleti nikidhani imepoa kumbe mtu aliiacha kwenye digrii 400, niliporudi pembeni kote kulikuwa kweusi, imeshavunjika kuwa oksaidi, na ukizidisha kwenye hewa reniamu yenyewe inapaa kama mvuke wa oksaidi nyingine, Re2O7, unabaki huna kitu. Iliniuma sana.

Lakini huo huo udhaifu ndo sababu naipenda kuliko perenati ya potasiamu, KReO4. Ukiipasha ndani ya gesi ya haidrojeni, amonia na mvuke vinaondoka na hakibaki kingine ila metali. Nilipandisha tanuri polepole mpaka digrii 500, gramu 1 ikanipa kama 0.69 ya poda ya kijivu, sawa na hesabu ya karatasi. Ya potasiamu ingeniachia potasiamu ndani, kazi juu ya kazi.

Naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimekata kwa ajili ya kile kichupa. Na maji yanayobaki baada ya kuchuja usiyamwage, weka kloraidi ya potasiamu, KReO4 inashuka nyeupe chini hapo hapo maana ndiyo ngumu kuyeyuka, ikusanye mpaka itoshe.