Aglianico del Vulture: huu si mvinyo wa kufungua mapema

Ukiwa mchanga, Aglianico del Vulture, mvinyo mwekundu wa zabibu za Aglianico kutoka kusini mwa Italia, haunyweki kwa raha. Nilifungua chupa mbili za mtengenezaji mmoja wa Barile, mji wa huko, ya mavuno ya 2012 na ya 2019, nikazionja sambamba. Ile ya 2019 ilinikaba ulimi kama bibo ambalo halijaiva: ukakasi, uchachu, na harufu ya pipa jipya la mwaloni ikitangulia tunda. Niliimimina kwenye jagi ipate hewa. Baada ya saa tatu hivi cheri zikaanza kujitokeza, tena kwa shingo upande.

Ya 2012 ni habari nyingine kabisa. Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, katikati ni wekundu uliokoza, ukingoni unaelekea rangi ya tofali. Unanusa plamu iliyokaushwa, tumbaku, ngozi, pilipili manga, na moshi kwa mbali. Ukakasi bado upo, ila umelainika, na uchachu ndio unaokufanya utake funda jingine. Chupa isimamishe tangu jana yake, kisha mimina polepole. Mashapo yake ni mengi na machungu.

Wauzaji hupenda kudai kwamba moshi huo ni wa volkano. Mimi sikubali. Monte Vulture, mlima wa volkano ulioupa mvinyo huu jina, kaskazini mwa mkoa wa Basilicata, ilizimika zamani za kale, na mizizi hainyonyi ladha ya majivu. Kazi ya mlima ni nyingine. Kilele chake kina mita 1,326, na mizabibu imepandwa miteremkoni, mingine juu ya mita 500. Mchana jua la kusini mwa Italia linaunguza, usiku baridi inashuka. Chini kuna tufo, mwamba laini uliotokana na majivu ya volkano, unaotunza maji ya mvua na kuyaachia kidogokidogo kiangazi kikikaza. (Huko Barile wameuchimba mapango ya kuhifadhia mvinyo.) Aglianico kwa asili yake huchelewa kuiva, na ubaridi huo unaichelewesha zaidi: mavuno huwa mwishoni mwa Oktoba, hata Novemba. Zabibu zinaiva na uchachu wake haupotei. Bila uchachu huo, chupa ya 2012 ingekuwa imeshachoka.

Kuna wanaouita “Barolo ya kusini”. Jina hilo linanikera. Barolo, mvinyo maarufu wa kaskazini mwa Italia, hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo, rangi yake hafifu zaidi na harufu yake ya maua. Huu ni mzito na mweusi kuliko huo. Wanachoshirikiana ni ukakasi na subira. Bei, nashukuru, hawashirikiani: Aglianico nzuri kwa kawaida huuzwa chini sana ya Barolo ya daraja lake.

Ukinunua, soma lebo. DOC ya kawaida (alama rasmi ya Italia ya asili ya mvinyo) imekuwapo tangu 1971 na inaweza kuingia sokoni ikiwa bado changa sana. Superiore, iliyopewa DOCG, daraja la juu kuliko DOC, mwaka 2010, hairuhusiwi kuuzwa kabla ya mwaka wa tatu baada ya mavuno; Riserva ni mwaka wa tano. Mimi ningelipia Riserva, halafu niiongezee miaka mingine mitano gizani.

Mezani unataka mafuta: kondoo wa kuchoma, au pecorino iliyokomaa, jibini la maziwa ya kondoo. Samaki usijaribu, ukakasi huu utamgeuza ladha ya chuma. Na usiuweke kwenye friji ukapoa sana, maana baridi inaukaza upya.