Somo la maabara ya kemia ogania linalomtaka mwanafunzi atafiti: tathmini baada ya muhula mzima

Katika somo la kawaida la maabara ya kemia ogania, mwanafunzi hutengeneza aspirini kutokana na asidi salisiliki na anhidridi asetiki, hupima kiwango chake cha kuyeyuka, kisha hukilinganisha na kile kilichoandikwa kwenye mwongozo, yaani karibu nyuzi 135 za Selsiasi. Akipata 128, hana haja ya kujiuliza nani amekosea. Nilipitia somo la namna hiyo na silibezi, kwa sababu ndilo lililonifundisha kushika vyombo; lakini sikumbuki hata siku moja niliyotoka maabara nikiwa na swali kichwani. Somo ninalolitathmini hapa, ambalo nimelimaliza muhula uliopita, limejengwa kinyume kabisa: kila jozi ya wanafunzi ina swali lake, na mhadhiri mwenyewe hajui jibu.

Muhula ni wa wiki 14. Wiki nne za mwanzo ni za stadi, yaani kuchemsha kwa kondensa, kuchuja kwa faneli ya Buchner, kusafisha fuwele, kromatografia ya tabaka jembamba (njia ya kutenganisha vitu vya mchanganyiko kwenye bamba ili kuona vipi vimo) na kusoma spektra za NMR, yaani michoro ya mashine ambamo hidrojeni za molekuli huonekana kama vipeo. Baada ya hapo darasa zima huingia kwenye mmenyuko mmoja, ule ambao Mwitaliano Pietro Biginelli aliueleza mwaka 1891, ambamo aldehidi, urea na etili asetoasetati huunganishwa katika chombo kimoja kwa msaada wa asidi. Uteuzi huu nauona kuwa ndio uamuzi bora kuliko yote katika somo hili. Viambato vyake si adimu, zao mara nyingi hujitenga lenyewe kama fuwele mchanganyiko unapopoa, na ukibadilisha aldehidi peke yake unapata molekuli nyingine, hivyo jozi kumi zinaweza kuuliza maswali kumi yaliyo ndugu na bado zikasaidiana mbinu. Wala si mmenyuko wa kuchezea darasani tu: monastroli, molekuli ya ukoo huohuo, iliripotiwa mwaka 1999 kuwa inasimamisha mgawanyiko wa seli kwa kuizuia protini iitwayo Eg5.

Jozi yetu ilitaka kutumia asidi sitriki mahali pa asidi hidrokloriki. Siku mbili za kupekua hifadhidata za makala zilitosha kutuonyesha kwamba jambo hilo lilikwisha kufanywa kitambo. Mkufunzi hakutupa swali jingine. Alituketisha akatuuliza ni nini ambacho makala zile hazikukisema. Tukarudi kuzisoma, safari hii neno kwa neno, tukaona kwamba zile tulizozipata zilitaja asilimia ya zao (zao lililopatikana likilinganishwa na lile linalowezekana kwa hesabu) baada ya mmenyuko kukamilika, lakini hazikufuatilia mwendo wake katika saa ya kwanza, wala hazikulinganisha aldehidi yenye kundi la atomu liitwalo methoksi na ile yenye kundi liitwalo nitro kwa kipimo kimoja. Hilo likawa swali letu. Nathubutu kusema kwamba alasiri ile ya kusoma upya ilinifunza kemia kuliko mihadhara mingi niliyohudhuria.

Wiki ya nane tulianza na benzaldehidi ya kawaida ili tupate kipimo cha kulinganishia. Tulipima gramu 1.06, ambazo kwa hesabu haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.60 za zao, na mizani ikasoma gramu 2.71. Tulishangilia kwa dakika chache, hadi mwenzangu aliposema kwa sauti ya chini kwamba hakuna mmenyuko unaotoa zaidi ya asilimia 100. Kwenye spektra vipeo vyote tulivyovitarajia vilikuwapo: hidrojeni mbili zilizoshikwa na naitrojeni karibu na ppm 9.2 na 7.7 (ppm ni kipimo cha mahali kipeo kilipo kwenye mchoro), na ile moja iliyo jirani na pete karibu na 5.15. Lakini katika 1.99 kulikuwa na kipeo kirefu, chembamba, kisicho na mwenyewe katika molekuli yetu, na karibu na 4.0 kipeo chetu chenye ncha nne kilikuwa kimevimba kana kwamba viwili vimelaliana. Hakuna aliyetuambia ni nini. Tuliketi na jedwali la viyeyusho karibu saa nzima mpaka tukagundua kwamba ni etili asetati baridi tuliyokuwa tumeoshea fuwele, ambayo haikuwa imekauka. Baada ya kukausha usiku kucha chini ya pampu, uzito ulishuka hadi gramu 2.08, sawa na asilimia 80. Mwongozo ungetuamuru tukaushe usiku kucha, nasi tungetii bila kujua sababu.

Upande wa usalama sina lawama. Kila jozi iliandika hatari za kemikali zake na namna ya kuzitupa, na hakuna kiambato kilichotoka stoo kabla mkufunzi hajatia sahihi.

Kasoro kubwa ni utoaji wa alama, na hapa nazungumza kwa uchungu. Alama 20 katika 100 zilitolewa kwa asilimia ya zao, kanuni iliyohamishwa kama ilivyo kutoka somo la zamani. Jozi iliyokaa jirani nasi haikupata fuwele hata moja katika majaribio matatu. Hata hivyo ilifuatilia mchanganyiko kila baada ya dakika 15 kwa kromatografia ya tabaka jembamba, ikaonyesha wazi chini ya taa ya urujuanimno kwamba aldehidi ilibaki palepale, ikabadilisha kiyeyusho, ikarudia. Daftari lao ndilo lililokuwa bora darasani, na walipata alama za chini kuliko waliobahatika kuwa na aldehidi tiifu. Somo likimwambia mwanafunzi kwamba jibu halijulikani, haliwezi tena kumwadhibu kwa sababu jibu lililopatikana ni hapana. Ukifanya hivyo unamfundisha kuchagua swali jepesi, au, jambo baya zaidi, kuacha fuwele zake na unyevu.

Muda nao haukutosha. Ukiondoa wiki za kupekua makala, foleni ya mashine ya NMR na maandalizi ya kuwasilisha, tulibaki na siku tano tu za kazi ya mikono. Aldehidi ya methoksi tuliipima mara tatu kama ilivyotakiwa. Ile ya nitro tuliipima mara moja, na kwa pointi za mara moja huwezi kudai lolote.

Anayefikiria kujiandikisha katika somo la aina hii, kokote liliko, na aulize mapema mambo mawili: siku ngapi zimetengwa kwa ajili ya kurudia majaribio, na ripoti ya jaribio lililoshindikana inasahihishwa vipi. Mimi ningelichukua tena hata kwa kasoro zake. Mhadhiri amekubali kwamba jozi moja ya muhula ujao ianzie pale tulipokomea, na tumewaachia daftari letu kabatini pamoja na vichupa vitatu vya sampuli, kila kimoja kikiwa na tarehe, uzito na neno moja tuliloliandika kwa wino mwekundu: kavu.